Mboga Mlangoni, Mbegu Mkebeni

Wewe uliye jikoni, wewe uliye ndani ya matatu, na wewe mama mboga unayepanga mafungu yako mezani, nakukaribisha. Chukua kalamu na karatasi ikiwezekana, maana leo kuna mambo ya kuandika.

Juma lililopita tulizungumza juu ya upungufu wa damu. Tulisema kwamba akina mama wajawazito na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, na kwamba mboga za majani za kienyeji ni mojawapo ya vyakula vinavyosaidia mwili kutengeneza damu. Baada ya kipindi, wasikilizaji wengi walituma ujumbe, na karibu wote walisema jambo moja: "Sista, umetuambia tule managu na saga. Je, pesa tutatoa wapi?"

Hilo ni swali la haki. Leo tutalijibu.

Nitaanza na kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja mjamzito alikuja katika kliniki niliyokuwa nikihudumu. Macho yake yalikuwa meupe, na kupanda ngazi tatu tu kulimfanya atweta. Tulipompima, damu yake ilikuwa 9, ilhali mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Nikamwuliza anakula nini. Akanijibu, "Sista, mboga nakula, lakini ni sukuma wiki kidogo tu ya kusukumia ugali. Managu ni ya wenye pesa."

Nikamwuliza, "Nyanya yako kule nyumbani alikuwa akinunua managu?" Akacheka. "Anunue wapi? Zilikuwa nyuma ya jikoni." Nikamwuliza tena, "Na mbegu za nyanya ziko wapi sasa?" Hapo hakucheka. Alisema nyanya yake alipofariki, nyumba ilisafishwa, na ule mkebe wa mbegu ukatupwa pamoja na takataka nyingine.

Msikilizaji, jiulize: mkebe wa nyumbani kwenu uko wapi?

Kwa nini mboga hizi ni muhimu

Tunapozungumza juu ya mboga za kienyeji tunamaanisha mchicha, ambao wengi huuita terere, mnavu, yaani managu au osuga, saga, yaani mgagani, ambayo Wakisii huiita chinsaga na Wajaluo dek, kunde, mrenda, mitoo, na majani ya malenge. Kwa miaka mingi watu walizidharau. Ziliitwa chakula cha maskini, na mgeni akija alipikiwa kabichi.

Lakini wataalamu wetu wenyewe wametuonyesha kwamba tulikosea. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi ya utafiti kuthibitisha ubora wa mboga hizi. Mchicha, mnavu na saga zina madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A kwa wingi kuishinda kabichi kwa mbali. Chuma hujenga damu. Kalsiamu huimarisha mifupa. Vitamini A hulinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na maradhi. Tena zina foleti, ambayo mama mjamzito anaihitaji ili mtoto aumbike vizuri. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitambua kazi iliyofanywa hapa Kenya ya kurudisha vyakula vya asili mezani kuwa mfano mwema wa kulinda urithi.

Na haja ingalipo. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka 5 nchini Kenya, 18 wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26. Tumepiga hatua, lakini 18 si wachache. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Kijiko kimoja cha sukuma wiki kando ya ugali hakifiki hapo hata kidogo.

Hapa niseme wazi: mboga hazichukui mahali pa dawa. Mama mjamzito, zile tembe za chuma na foliki asidi unazopewa kliniki, endelea kumeza kila siku. Mboga na tembe hufanya kazi pamoja. Yule mama wa damu 9 alipewa matibabu kwanza, ndipo tukazungumza habari ya bustani.

Huna shamba? Una gunia

Wengi husema, "Mimi ninakaa kwenye ploti, nitapanda wapi?" Wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020, masoko yalipofungwa na kazi zikapotea, serikali ilizindua mpango wa bustani za jikoni milioni moja. Watu walijifunza kwamba chakula kinaweza kuota mahali padogo sana. Kule Kibera na Mathare watu wamekuwa wakipanda mboga ndani ya magunia kwa miaka mingi.

Fanya hivi. Tafuta gunia la kilo 90, lililo zima. Changanya udongo debe 3 kwa samadi iliyooza vizuri debe 1. Samadi mbichi usitumie, itaunguza miche na inaweza kuleta vijidudu vya kuhara. Chukua mkebe wa kilo 2 ulioondolewa kitako, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake, kisha uzungushie udongo pande zote. Vuta mkebe juu, uongeze kokoto, uongeze udongo, mpaka gunia lijae. Sasa una nguzo ya mawe katikati. Ukimwaga maji juu ya mawe hayo, yatashuka hadi chini na kulowesha gunia zima.

Toboa matundu madogo ubavuni, ukiacha nafasi ya shibiri moja kati ya tundu na tundu. Panda miche ya mnavu au sukuma wiki kwenye matundu na juu pia. Gunia moja linaweza kubeba miche 30 hadi 40. Liweke mahali linapopata jua angalau nusu siku, na mbuzi wa jirani asifike.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kabisa. Lakini sikiliza sana hapa: usimwagilie mboga za majani maji ya mtaro au ya mto unaopokea uchafu wa vyoo na viwanda. Utakuwa unapanda kipindupindu na homa ya matumbo. Na madini ya sumu kama risasi hayaoshwi kwa maji wala hayaishi kwa kupikwa.

Ukiwa na shamba dogo, basi panda kitalu cha mchicha na kunde kwa kurusha mbegu kidogo kidogo kila baada ya majuma 2, ili usipate mboga nyingi leo na kukosa kesho. Mchicha na kunde huanza kuchumwa baada ya majuma 3 au 4. Mnavu na saga huhitaji subira ya majuma 5 au 6. Chuma ncha na majani, using'oe mmea, nao utachipua tena.

Mbegu: hapa ndipo wengi hukosea

Bustani isiyo na mbegu yake ni sawa na kisima cha kukopa. Mvua inanyesha mwezi wa Machi, wewe huna pesa ya pakiti, na jirani amemaliza kupanda. Ndiyo maana leo nataka kuzungumza zaidi juu ya mbegu.

Kwanza, mbegu za kuhifadhi huchaguliwa mmea ukiwa hai. Kosa kubwa tunalofanya ni hili: tunachuma na kula mimea iliyo mizuri, kisha ule uliokonda na kutoa maua mapema tunauacha utoe mbegu. Mwaka wa kwanza huoni tofauti. Mwaka wa tatu unashangaa mboga zako zinatoa maua kabla hujachuma hata mara mbili, unasema udongo umechoka. Udongo haujachoka. Wewe ndiye uliyechagua mbegu ya mmea mvivu. Kwa hiyo, mimea ikiwa bado michanga, funga kitambaa chekundu kwenye ile iliyo bora: yenye majani mengi, isiyo na ugonjwa, na inayochelewa kutoa maua. Chagua kama 10, si mmoja. Hiyo waambie watoto na wageni, "Hii haichumwi."

Pili, kila mboga ina namna yake.

Mchicha: ngoja masuke yakauke na ukisugua kiganjani mbegu zinadondoka. Kata, anika kivulini juu ya turubai kwa siku chache, piga kwa fimbo taratibu, kisha pepeta. Mbegu ni ndogo sana, kwa hiyo usipepete penye upepo mkali.

Mnavu: chuma matunda yaliyoiva kabisa. Yale mabichi ya kijani hayaliwi na watoto wasiyaguse, yana sumu. Ponda yaliyoiva ndani ya maji, acha usiku mmoja, kisha osha mara kadhaa. Mbegu nzuri huzama chini. Makapi huelea, yamwage. Oshea kwenye kichujio mpaka utelezi na utamu wote uishe. Utamu ukibaki, mbegu haitaota vizuri. Anika kivulini juu ya kitambaa.

Saga: maganda yake hupasuka yenyewe na mbegu kumwagika. Basi yachume yanapogeuka manjano, yamalizie kukauka ndani ya mfuko wa karatasi. Na hapa kuna siri: mbegu mpya ya saga hulala. Ukiipanda mara tu baada ya kuvuna, utadhani imekufa. Ihifadhi miezi kama 3 hadi 5 kwanza, ndipo itaota vizuri.

Kunde: acha maganda yakauke juu ya mmea, yavune kabla ya mvua, uyapure. Jaribu kwa meno: kunde kavu hupasuka, iliyo mbichi hubonyea tu. Kunde hushambuliwa na fukusi. Changanya na jivu safi la jikoni, lililopoa na kuchekechwa, mpaka kila punje ifunikwe, halafu ufunge chombo kabisa.

Tatu, kuhifadhi. Mbegu ina maadui watatu: unyevu, joto na wadudu. Tumia chupa ya kioo au mkebe wenye kifuniko kinachobana. Weka ndani yake kitambaa kidogo chenye mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta na kupoa. Huo utanyonya unyevu. Andika jina la mboga, mwezi na mwaka. Weka mahali penye giza na ubaridi, kama chini ya kitanda. Usiweke karibu na jiko mahali mvuke wa sufuria unafika.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza chupa nzima ya mbegu za mnavu. Nilikuwa na haraka, nikazifunga kabla hazijakauka. Baada ya mwezi nilikuta ukungu mtupu. Tangu siku hiyo, nikidhani zimekauka, huongeza siku mbili.

Nne, pima kabla ya kupanda. Hesabu mbegu 20, zifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu, ukiloweshe kila siku. Baada ya siku kama 7 hadi 10, fungua. Zikiota 16 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 10, panda maradufu. Zikiota chache kuliko hapo, tafuta nyingine mapema, usingoje mvua ianze. Ila saga ambayo bado imelala usiihukumu kwa kipimo hiki.

Maswali ya wasikilizaji

Msikilizaji wa Bungoma anauliza: "Je, naweza kuhifadhi mbegu za pakiti nilizonunua dukani?" Inategemea. Ikiwa pakiti imeandikwa kuwa ni chotara, mbegu utakazovuna hazitafanana na mzazi. Nyingine zitakuwa nzuri, nyingine duni. Ikiwa si chotara, unaweza. Malenge nayo huchanganyikana kwa kazi ya nyuki, kwa hiyo ukipanda aina mbili karibu karibu, usishangae kupata ya tatu.

Msikilizaji wa Machakos anauliza: "Tulisikia kwamba kugawana mbegu ni kosa la jinai. Nitafungwa?" Swali hili limewatia watu hofu kwa muda mrefu. Mwaka 2012 sheria ya mbegu ilirekebishwa, na mtu aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa angeweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka 2. Mwaka 2022 wakulima wadogo walikwenda mahakamani. Mwezi wa Novemba 2025, Mahakama Kuu mjini Machakos iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi, kugawana na kubadilishana mbegu zao za kienyeji vinakwenda kinyume cha Katiba. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 11, inataka mbegu za asili zilindwe pamoja na matumizi yake na jamii zetu. Lakini hiyo si ruhusa ya kumdanganya mtu. Ukimpa jirani mbegu, mwambie ukweli: ni ya mwaka gani, na imeota ngapi kati ya 20.

Msikilizaji wa Nyeri anauliza: "Mbegu za mahindi zilizobaki, zile zilizopakwa rangi, naweza kuziosha na kupika?" Hapana, mama. Hapana kabisa. Rangi ile ni onyo kwamba zimetiwa dawa ya kuua wadudu au ukungu. Kuosha hakuondoi sumu. Usizile, usiwape kuku, na usizihifadhi katika chombo cha chakula. Na mtoto akizila, mkimbize hospitali pamoja na ile pakiti, ili daktari ajue ni dawa gani.

Mzee mmoja wa Kisumu anauliza: "Mke wangu huchemsha osuga na kumwaga maji mara mbili ili kuondoa uchungu. Ni vibaya?" Mzee, salimia mama. Mwambie kwamba pamoja na uchungu anamwaga vitamini C na foleti. Afadhali achemshe kwa maji kidogo na muda mfupi, kisha aongeze maziwa, apunguze ule uchungu kama walivyofanya wazee. Mafuta kidogo ya kupikia husaidia mwili kupokea vitamini A. Kamulia ndimu au kula na nyanya mbivu, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Na chai ingoje kama saa moja baada ya chakula, kwani chai huzuia chuma hicho.

Tahadhari moja: ukiwa na ugonjwa wa figo, au unameza dawa za kuzuia damu kuganda, zungumza na daktari wako kabla ya kubadilisha kiasi cha mboga unachokula.

Kumbuka

Kabla sijaaga, andika haya:

1. Panda angalau aina 3 za mboga za majani, hata kama ni ndani ya gunia moja.
2. Chagua mimea 10 iliyo bora, uiache itoe mbegu. Usichague ile iliyowahi kutoa maua.
3. Kausha kivulini, funga vizuri, andika jina na tarehe.
4. Pima mbegu 20 kabla ya mvua.
5. Gawia watu wawili mbegu zako. Zako zikipotea, utajua pa kuziomba.
6. Mama mjamzito, nenda kliniki na umeze tembe zako.

Jambo la tano nalirudia. Taifa letu lina hazina ya mbegu kule Muguga, ambako wataalamu huzihifadhi kwenye baridi kali. Ni kazi njema. Lakini Muguga haiwezi kukupa mboga ya leo jioni. Hazina yako ya karibu ni jirani yako, mama mkwe wako, na yule mzee wa kanisani au msikitini ambaye bado anajua mnavu gani ni mtamu na upi ni mchungu. Mwendee akiwa hai. Mwulize. Andika.

Yule mama niliyewaambia alifanya hivyo. Mkebe wa nyanya yake ulikuwa umekwenda, lakini alikumbuka kwamba nyanya alimgawia dada yake mbegu kila msimu. Alipiga simu nyumbani. Mtoto wake alipofikisha miezi 9, alimleta kliniki kwa chanjo ya surua. Mtoto alikuwa mzito, tena mkorofi kwenye mizani. Mama akafungua mkoba, akanipa kipande cha gazeti kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na mbegu za mnavu. "Sista," akasema, "hizi ni za nyanya. Panda, na usile zote."

Nilizipanda. Sikula zote. Mimi ningali ninazo mpaka leo.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kumwanzishia mtoto chakula akitimiza miezi 6, na jinsi ya kumpondea mboga hizi hizi asizikatae. Mpaka wakati huo, nenda ukatafute ule mkebe. Kwaherini, na Mungu awalinde.